Jua kali si umeme mwingi

Juzi mteja wa Mbagala kanipigia tena: "Fundi, jua lote hili la mwezi wa pili, mbona sola inaleta kidogo?" Nimechoka kulijibu swali hili kwa simu, mtu mmoja mmoja.

Paneli inataka mwanga. Joto linaipunguzia nguvu. Wati zilizoandikwa nyuma yake zimepimwa seli, yaani vile vipande vinavyogeuza mwanga kuwa umeme, zikiwa kwenye nyuzi 25. Juu ya bati la Dar, saa saba mchana, seli hufika nyuzi 65 bila shida, na kila nyuzi inayozidi 25 inakula kama asilimia 0.35. Piga hesabu: paneli ya wati 400 imebaki na 344 hivi, na vumbi na chumvi ya bahari hatujavigusa.

Kinachoniudhi hasa ni mafundi wanaolaza paneli bapa juu ya bati, eti upepo usiing'oe. Upepo huo ndio dawa ya joto! Wazee wa pwani wamejenga kwa kuufuata miaka mingi: paa la makuti lililoinuliwa hewa ipite chini yake, baraza upande unaopulizwa. Halafu watu wanaandaa semina ya nishati jadidifu Kigamboni, wanawakalisha wavuvi kutwa nzima, na hakuna anayewauliza swali hata moja kuhusu upepo.

Mimi nauliza kabla sijafunga reli, vile vyuma vya kushikia paneli. Kusi na kaskazi kila mtu anazitaja, lakini mvuvi anakwambia zaidi ya hapo: alfajiri umande, ule upepo wa nchi kavu, unatoka bara, ndio unaomsukuma kwenda baharini; jua likishapanda, upepo unageuka, unatoka baharini. Maana yake, saa paneli inapochemka, upepo unatoka mashariki. Basi naacha nafasi ya sentimita 10 hadi 15 kati ya bati na paneli, na upande wa bahari siuzibi kwa tangi wala kwa ukuta. Reli nafunga kwenye mbao za paa. Skrubu za bati peke yake hazishiki.

Mwelekeo ni kaskazini, mwinamo nyuzi 10 ili mvua ioshe. Hilo halina mjadala.

Penye mjadala ni Kariakoo. Katikati ya maghorofa upepo unagonga ukuta, unazunguka, unashuka kwa upande usioutarajia, na ujuzi wa ufukweni haufiki kule. Vitabu vinakupa kasi ya upepo ya mji mzima kana kwamba mji ni uwanja mtupu. Kule nafunga kitambaa chepesi kwenye fimbo, nakiangalia mchana kutwa, na bado nafunga reli nikiwa na wasiwasi.

Na betri, jamani, itoeni jikoni. Ya asidi ikikaa kwenye joto la nyuzi 35 badala ya 25, umri wake unapungua karibu nusu. Iwekeni pale mnapoweka mtungi wa maji: kivulini, hewa inapopita.