Je, wajua kwa nini tamthilia ya Egoli ilizungumza lugha mbili kwa miaka 18?

Watanzania waliokulia kwenye Isidingo wanajua jinsi tamthilia za Afrika Kusini zinavyorukaruka kati ya lugha na lugha. Lakini kabla ya Isidingo kulikuwa na Egoli: Place of Gold, iliyobeba jina ambalo Wazulu wanaliita jiji la Johannesburg. Kituo cha M-Net kilianza kuirusha Jumatatu, tarehe 6 Aprili 1992, kikaifunga tarehe 31 Machi 2010. Ndiyo tamthilia ya kwanza ya Afrika Kusini kuonyeshwa kila siku ya kazi. Piga hesabu mwenyewe: siku tano kwa wiki, wiki 52 kwa mwaka, miaka 18. Unakaribia sehemu 4,700. Mtoto aliyezaliwa siku ilipoanza alikuwa amebakiza siku chache tu kutimiza miaka 18 ilipozimwa.

Urefu huo peke yake ni wa kutosha kustaajabisha, ila mimi kinachonivuta zaidi ni kitu kingine. Wahusika wa Egoli walizungumza Kiingereza na Kiafrikaans humo humo, ndani ya sebule moja, mara nyingi katika maongezi yale yale. Hapakuwa na toleo la Waingereza na toleo la Makaburu. Tamthilia ilikuwa moja, na lugha zake mbili. Sasa kwa nini mtu atumie pesa zote zile kutengeneza kipindi ambacho sehemu kubwa ya maneno yake si ya lugha ya mama ya mtazamaji?

Kulielewa jambo hili inabidi turudi nyuma, kwenye televisheni yenyewe. Afrika Kusini, nchi tajiri kuliko zote barani wakati ule, ilichelewa mno kupata televisheni. Kenya ilianza 1962, Uganda mwaka uliofuata, na Zanzibar ilikuwa na televisheni ya rangi tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970. Afrika Kusini ilisubiri hadi tarehe 5 Januari 1976. Kisa hakikuwa umaskini wala ukosefu wa mafundi. Serikali ya ubaguzi wa rangi iliogopa. Albert Hertzog, aliyekuwa waziri wa posta na simu hadi 1968, aliipiga vita kwa miaka mingi, na moja ya hofu kubwa za wenzake ilikuwa hii: filamu za Marekani na Uingereza zingemiminika kwa Kiingereza, na watoto wa Makaburu wangekua wakikipenda Kiingereza kuliko lugha ya wazazi wao. Ndiyo maana mwaka 1969, binadamu alipotua mwezini, watu wa Johannesburg walisikia redioni na kusoma magazetini, hawakuona moja kwa moja kama walivyoona wenzao wa ng'ambo.

Ilipokubaliwa hatimaye, lugha zilipimwa kwa saa. Shirika la utangazaji la taifa, SABC, lilikuwa na chaneli moja. Jioni iligawanywa vipande viwili, cha Kiingereza na cha Kiafrikaans, na zamu zikabadilishwa ili asiwepo wa kulalamika kwamba mwenzake ndiye anayepewa saa nzuri kila siku. Lugha za Waafrika walio wengi hazikuwa na nafasi kabisa. Chaneli za Kizulu, Kixhosa, Kisotho na Kitswana zilikuja 1982, nazo zikatengwa kando.

Mgao huo ulizaa vioja ambavyo leo ni vigumu kuviamini. Chama cha waigizaji wa Uingereza kilisusia kuiuzia Afrika Kusini vipindi vya wanachama wake, kwa sababu ya ubaguzi. SABC ikategemea Marekani na Ujerumani, na vipindi vingi ikaviingizia sauti za Kiafrikaans. Polisi wa Miami Vice wakawa wanafukuza wauza unga wa Florida huku wakizungumza Kiafrikaans fasaha. Wasemaji wa Kiingereza walipolalamika, likapatikana suluhisho la ajabu: kuanzia mwaka 1986, sauti ya asili ikawa inarushwa na Radio 2000 kwa wakati ule ule. Familia ilizima sauti ya televisheni, ikawasha redio na kuiweka karibu na skrini, midomo ikionekana huku na maneno yakisikika kule. Nyumba ya jirani, picha ile ile, watu wakisikiliza Kiafrikaans. Hebu fikiria barabara moja, kipindi kimoja, na kila ukuta una sauti yake.

Mwaka huo huo wa 1986, Oktoba, M-Net ilianza kurusha matangazo. Ilikuwa chaneli ya kulipia, mali ya kampuni za magazeti, na ili uione ilibidi ununue king'amuzi. Haikuruhusiwa kutangaza habari. Ilichoruhusiwa ni kidirisha cha jioni kilichoitwa Open Time, ambapo picha iliachwa wazi bila kufungwa, hata asiye na king'amuzi aone. Kwa mfanyabiashara, kidirisha hicho ni kibanda cha kuonjesha: unamwonjesha mpita njia ili kesho aje kununua. Je, unamwonjesha nini mtu ili arudi kila jioni, ikiwa habari huruhusiwi?

Tamthilia ya kila siku. Hapo ndipo mwandishi na mtayarishaji Franz Marx alipoingia na Egoli, na hapo ndipo sababu ya lugha mbili inapopatikana. King'amuzi kinanunuliwa na nyumba, si na lugha. M-Net haikuwa na uwezo wa kuchagua kati ya wateja wa Kiingereza na wa Kiafrikaans, kwani hao wote kwa pamoja ndio waliokuwa na pesa za kulipia. Kutengeneza tamthilia mbili kungegharimu mara mbili. Kuingiza sauti juu ya sauti kila siku, kwa kipindi kinachorekodiwa kwa kasi ya sehemu tano kwa wiki, ni kazi isiyokwisha, na watu walishachoka na midomo isiyolingana na maneno. Iliyobaki ilikuwa njia rahisi ambayo SABC, kwa kugawa saa, haikuipa nafasi: waache watu waongee kwenye skrini kama wanavyoongea nyumbani na kazini.

Njia hiyo iliwezekana kwa sababu mtazamaji aliyelengwa alikuwa ameshaandaliwa na shule. Kiingereza na Kiafrikaans ndizo zilizokuwa lugha rasmi za nchi, na mwanafunzi wa Kizungu alilazimika kusoma zote mbili. Pengine hakukiongea vizuri Kiafrikaans, pengine alikichukia, lakini alikisikia na kukielewa. Kusikia lugha na kuisema ni mambo mawili tofauti, na Egoli iliishi katikati ya mambo hayo mawili. Nairobi tunaliona hili kila siku: bibi anauliza kwa Kikikuyu, mjukuu anajibu kwa Kiingereza au Sheng, na hakuna anayemwambia mwenzake abadilishe.

Chukua mfano huu niliotunga, wa aina ya maongezi ninayoyasema. Mwenye nyumba anamuuliza mgeni kwa Kiafrikaans: "Wil jy koffie hê?", yaani, utakunywa kahawa? Mgeni anajibu kwa Kiingereza: "Please, no sugar." Mwenye nyumba anaendelea na Kiafrikaans chake, mgeni na Kiingereza chake, mpaka kikombe kinaisha. Ukiangalia kwa makini, mazungumzo hayo yamebeba kitu kingine zaidi ya kahawa. Mhusika akihama lugha katikati ya sentensi, mtazamaji anajua kuna jambo. Pengine amekasirika na kurudi kwenye lugha ya mama. Pengine anambembeleza mtu kwa kumfuata kwenye lugha yake. Pengine ameamua kumweka mbali kwa kumjibu kirasmi. Mwandishi wa tamthilia ya lugha moja inabidi atafute maneno ya kuonyesha hayo yote. Mwandishi wa lugha mbili ana chombo cha ziada, naye akikitumia vizuri, ukaribu na umbali wa watu unasikika kabla hata hawajasema walichokusudia.

Wakati nao ulisaidia. Tarehe 17 Machi 1992, wiki tatu kasoro siku moja kabla ya Egoli kuanza, Wazungu wa Afrika Kusini walipiga kura ya maoni kuamua kama mazungumzo ya kuumaliza ubaguzi yaendelee. Karibu asilimia 69 walisema ndiyo. Nchi ilikuwa inajiuliza nani atakaa na nani kwenye meza moja. Sisemi kwamba tamthilia ya mapenzi, ndoa na biashara ilijibu swali hilo. Lakini kila jioni iliweka kwenye meza moja watu ambao utaratibu wa zamani wa televisheni uliwatenga kwa saa.

Na si Wazungu peke yao. Mmoja wa nyota waliopendwa sana alikuwa Shaleen Surtie-Richards, mzaliwa wa Upington, mji wa Northern Cape ambako wengi huzungumza Kiafrikaans, aliyeigiza kama Nenna Willemse sambamba na akina Brümilda van Rensburg, yaani Louwna, na David Rees, yaani Chris Edwards. Surtie-Richards, aliyefariki Juni 2021, alitoka katika jamii ya watu wa asili mchanganyiko wanaoitwa Coloured. Nafasi yake inatukumbusha ukweli ambao wengi wetu huku hatukufundishwa: Kiafrikaans si lugha ya Makaburu tu. Wasemaji wake wengi si Wazungu. Ilichipuka huko Cape kutokana na Kiholanzi kilichopita midomoni mwa walowezi, Wakhoikhoi ambao ndio wenyeji wa asili wa huko, na watumwa walioletwa kutoka Asia, Madagaska na pwani ya Msumbiji. Miongoni mwa maandishi yake ya zamani kabisa ni yale ya Waislamu wa Cape Town wa karne ya 19, walioiandika kwa herufi za Kiarabu madrasani, kama mababu zetu walivyoandika Kiswahili Lamu na Mombasa. Lugha hiyo hiyo serikali iliilazimisha kwenye shule za Waafrika hadi wanafunzi wa Soweto wakaandamana tarehe 16 Juni 1976 na kupigwa risasi, miezi mitano tu baada ya televisheni kuanza. Mtu aliyeisikia Egoli akiwa Soweto na aliyeisikia akiwa Upington hawakusikia kitu kimoja.

Hapa ndipo penye upungufu wake mkubwa, na nadhani lazima usemwe. Johannesburg halisi ni jiji la Kizulu, Kisotho, Kitswana na lugha nyingine nyingi. Kwenye Egoli lugha hizo zilisikika kwa uchache, pembeni, ilhali Mwafrika wa kawaida ndiye aliyekuwa anajua lugha nyingi kuliko mtu yeyote mjini: za nyumbani, pamoja na hizo mbili za mwajiri. Alielewa tamthilia nzima. Tamthilia ndiyo haikumwelewa yeye vya kutosha.

Wengine walikuja kuziba pengo hilo. Generations ya Mfundi Vundla ilianza kwenye SABC miaka miwili hivi baadaye na kuwaweka Waafrika katikati ya hadithi. Isidingo ikafuata 1998. Katiba ya 1996 ilitambua lugha rasmi 11, na waandishi wakapata uhuru wa kuchanganya nne au tano ndani ya tukio moja, maandishi ya tafsiri yakipita chini ya skrini.

Egoli yenyewe ilibanwa pande zote mbili. Mwaka 1999 kilizaliwa kituo cha kykNET, cha Kiafrikaans pekee, na msemaji wa lugha hiyo akapata nyumba yake. Mwaka 2007 Open Time ikafungwa, na wasio na king'amuzi wakaikosa. Miaka mitatu baadaye tamthilia ikaisha.

Leo ni vigumu kuirudia kwa namna ile ile. Katika sensa ya 2022, asilimia 10.6 ya wananchi walisema nyumbani wanazungumza zaidi Kiafrikaans, 8.7 Kiingereza, na 24.4 Kizulu. Shule hazimlazimishi tena kila mtoto kusoma zile lugha mbili za zamani. Anayezungumza Kiingereza nyumbani anaweza kusoma Kizulu kama lugha yake ya ziada, amalize shule bila kuelewa sentensi tatu za Kiafrikaans. Mtazamaji ambaye Franz Marx alimtegemea mwaka 1992, mwenye sikio moja huku na moja kule, hatengenezwi tena na shule kwa mkupuo. Mtayarishaji wa sasa anayetaka wahusika wake wazungumze kama watu wa Johannesburg inabidi aweke maandishi ya tafsiri chini ya skrini tangu sehemu ya kwanza.