Chupa ya dawa ya bangi imebadilika: soma miligramu kwanza

Majibu haya ni kwa wenzetu wa Australia wanaotumia dawa ya bangi kwa cheti cha daktari.

Cheti kisichotaja kampuni maana yake nini?
Daktari ameandika kilichomo, nguvu yake na aina yake, kwa mfano mafuta yenye THC (kemikali ya bangi inayolevya) miligramu 10 kwa kila mililita. Mfamasia anakupa bidhaa yoyote inayolingana na hayo. Kama cheti kimetaja bidhaa fulani nayo imekwisha, mfamasia lazima azungumze na daktari kwanza.

Nimeandikiwa chupa ya kampuni nyingine. Niendelee na nusu mililita yangu?
Hapana, mpaka usome lebo. Nusu mililita ya mafuta ya miligramu 10 ina THC miligramu 5. Ya mafuta ya miligramu 25 ina miligramu 12.5. Mstari kwenye bomba la kupimia ni uleule, dawa ni zaidi ya mara mbili. Mzee anaanguka usiku akienda msalani, watu wanasema ni umri.

Lakini zote ni bangi, si ndiyo?
Hapana, tena hapana. Moja ina THC, nyingine ina CBD (kemikali ya bangi isiyolevya), nyingine zote mbili. Hesabu miligramu, usihesabu mililita wala matone!

Mbona vidonge vya presha hubadilishwa kila siku?
Vile vimesajiliwa na TGA, mamlaka ya dawa ya Australia, na kuthibitishwa kwamba vinafanya kazi sawa. Dawa nyingi za bangi hazijasajiliwa. Zinatakiwa kufikia viwango vya ubora, ila hakuna aliyethibitisha kwamba ya kampuni hii ni sawa na ya ile.

Mwanangu ana kifafa, anatumia Epidyolex, dawa ya CBD. Supamaketi kuna mafuta ya mbegu za bangi ya bei nafuu.
Mama, hayo ni ya kachumbari. CBD ndani yake karibu hakuna. Ukikatisha dawa ghafla, degedege linaweza kurudi kwa nguvu.

Nimekunywa, saa nzima sijasikia kitu. Niongeze?
Usiongeze. Mafuta ya kunywa huweza kuchukua saa mbili kufanya kazi.

Nimeshazidisha. Nilale tu, itapita?
Usilale ukisema "itapita". Piga 13 11 26, kituo cha ushauri wa sumu. Mtu akizimia, akianza degedege au akishindwa kupumua vizuri, piga 000 papo hapo. Kiingereza kikikusumbua, 131 450 watakupa mkalimani wa Kiswahili. Na chupa iwe mkononi unapopiga, maana watakuuliza miligramu.