Programu ya kupunguza mwili: uingie au uache? Maswali tunayoulizwa kliniki

Kliniki ya presha na sukari hapa Dodoma siku hizi haiishi bila mtu kutoa kitu kwenye mkoba: kopo la unga wa kukoroga, pakiti za chai ya kukata tumbo, au simu yenye grupu la WhatsApp lililojaa picha za kabla na baada. Majibu haya ni kwa watu wazima. Mjamzito, mama anayenyonyesha na mtoto wasiingie programu yoyote ya namna hii bila daktari.

Programu ya kupunguza mwili ni nini hasa?

Ni huduma unayoilipia ili uelekezwe ule nini, kiasi gani, na ufuatiliwe. Nyingine huuza ratiba na usimamizi tu. Nyingine huuza bidhaa, na ratiba ni chambo.

Nitajuaje kama nahitaji kupungua?

Zidisha urefu wako wa mita kwa wenyewe, kisha gawa kilo zako kwa jibu hilo. Mama wa kilo 82 na urefu wa mita 1.60 anapata 32. Kuanzia 18.5 hadi 24.9 uko sawa, 25 kwenda juu uzito umezidi, 30 kwenda juu ni unene uliokithiri. Pima na kiuno kwa futi ya fundi cherehani: mwanamke akizidi sentimita 80 na mwanaume akizidi 94, hatari ya presha, sukari na moyo imeanza kupanda. Kitambi si dalili ya maisha mazuri, kaka zangu.

Hizi programu zinafanya kazi kweli?

Baadhi zinafanya, kwa kiasi. Uingereza, huduma ya afya ya taifa huwalipia baadhi ya watu wiki 12 kwenye programu za kibiashara zenye mkutano na mizani kila wiki. Kinachosaidia pale ni kupimwa mara kwa mara na kuwa na mtu wa kukufuatilia. Mwendo salama ni nusu kilo hadi kilo moja kwa wiki. Mwenye kilo 90 akipunguza kilo 5 hadi 9 na asizirudishe, presha na sukari yake vitaonyesha nafuu.

Anayekuahidi kilo 10 kwa wiki moja anakutoa maji. Chai nyingi za kukata tumbo zina majani ya sanamaki (senna), ambayo ni dawa ya kuharisha. Unashinda chooni, mizani inashuka, ukila na kunywa kawaida kilo zinarudi. Mafuta ya tumboni hayakuguswa.

Msimamizi wa programu ameniambia niache dawa za presha, mwili ujisafishe kwanza. Niache?

Usiache.

Lakini najisikia mwepesi, kichwa hakiumi tena.

Usiache. Presha kwa watu wengi haiumi popote. Unaweza kuwa na 190 kwa 110 ukiwa unapanga foleni Soko la Majengo unacheka na watu. Kujisikia vizuri si kipimo, kipimo ni mashine.

Na nikipima nikakuta 120 kwa 80?

Bado usiache. Mara nyingi hiyo 120 imeletwa na dawa unazotaka kuziacha. Kama kweli umepungua na presha inashuka kupita kiasi, dozi hupunguzwa, wakati mwingine dawa huondolewa kabisa. Anayefanya hivyo ni daktari wako, kwa vipimo vya siku kadhaa. Si dada wa kwenye grupu, hata kama ni mpole na anajibu meseji usiku.

Nalisema hili mara tatu kwa sababu tunaowapokea wamepooza upande mmoja hawakuja na dalili za wiki nzima. Walikuwa wazima jana, wako siku ya ishirini ya programu, dawa ziko kabatini. Ukiona mdomo umepinda, mkono umelegea au maneno hayatoki, nenda hospitali saa hiyohiyo. Usisubiri kuche, usimsubiri shemeji mwenye gari, na usimkande mgonjwa maji ya moto.

Mimi nina sukari. Programu inataka nikae hadi saa kumi jioni bila kula.

Njoo kwanza tuongee. Ukimeza glibenclamide (kidonge cha kushusha sukari) au ukichoma insulini kisha usile, sukari inaweza kushuka vibaya: jasho, kutetemeka, kuchanganyikiwa, hata kuzirai. Mgonjwa akiwa na fahamu, apewe maji yenye vijiko vitatu vinne vya sukari, au soda ya kawaida. Akiwa hana fahamu usimmiminie chochote mdomoni, mkimbize hospitali. Na jibu la swali linalofuata nalijua: kuacha insulini ili ufunge vizuri, hapana. Anayetegemea insulini akiiacha anaweza kufa ndani ya siku chache.

Chai ni majani tu, itanidhuru vipi?

Kuharisha kila siku huku unameza vidonge vya presha vya kukojosha kunakausha mwili, kunapunguza madini yanayoendesha moyo na kunaumiza figo. Tena si kila kopo lina kilichoandikwa. Sibutramine, dawa ya kupunguza hamu ya kula, iliondolewa sokoni Ulaya na Marekani mwaka 2010 kwa sababu ya mshtuko wa moyo na kiharusi, na tangu hapo imekutwa mara nyingi imefichwa ndani ya chai, kahawa na vidonge vya "asili". Mapigo yakienda mbio na usingizi ukikata baada ya kuanza chai, iache siku hiyohiyo. Chai ndiyo ya kuacha.

Nimuulize nini muuzaji kabla ya kulipa?

Sikiliza yeye anakuuliza nini kwanza. Akianza na magonjwa uliyonayo na dawa unazotumia, endelea kumsikiliza. Akianza na namba ya kutuma pesa, ondoka. Kisha uliza viambato vyote vilivyomo, kama TMDA (mamlaka ya dawa) au TBS (shirika la viwango) wanaitambua bidhaa hiyo, na utakula nini kopo likiisha. Asipokuwa na jibu la hilo la mwisho, ujue mpango ni ununue kopo jingine. Kabla ya kutoa laki mbili, mtafute afisa lishe wa hospitali ya mkoa au kituo chako cha afya. Atakuhoji kuhusu sahani yako, si pochi yako.

Ugali wa uwele na mlenda si vinatosha?

Ni chakula kizuri, lakini mlima wa ugali wa uwele ni mlima vilevile. Ugali uwe robo ya sahani, mboga nusu. Soda ya nusu lita huweza kuwa na sukari ya zaidi ya vijiko kumi vya chai. Anza na hiyo, na chipsi mayai za usiku. Tembea nusu saa siku tano za wiki. Watumishi wa mji wa serikali Mtumba, kukaa kwenye kiti cha basi hakuhesabiki.

Nilishaacha dawa wiki mbili zilizopita. Nifanyeje?

Njoo leo, usingoje tarehe ya kliniki. Usimeze dozi mbili ili kufidia. Tutakukaripia kidogo, kisha tutapima presha, sukari na figo, na utaondoka na maelekezo ya kuanza tena. Kopo njoo nalo, hata likiwa tupu.