"Nesi, mgonjwa wetu ana uchungu tangu jana, mbona hajajifungua?"

Swali hili nimeulizwa na ndugu mlangoni mwa wodi mara zisizohesabika. Familia huhesabu tangu tumbo lilipokaza mara ya kwanza. Sisi wakunga tunaanza pale njia, yaani mlango wa kizazi, inapofunguka sentimita 5, kwa mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa 2018. Kabla ya hapo uchungu unaweza kuja na kupoa usiku kucha, na bado usiwe na tatizo.

Wengi wetu tulifundishwa kwamba njia lazima ifunguke sentimita 1 kila saa. Aliyechelewa kuliko mstari wa patografu, chati ya kufuatilia uchungu, aliwekewa dripu ya kuongeza uchungu, na wengine waliishia kupasuliwa. Mwongozo huohuo uliiacha kanuni hiyo, na binafsi naona ilichelewa kuachwa. Kuanzia sentimita 5, uzazi wa kwanza kwa kawaida hauzidi saa 12 hadi njia ifunguke yote. Kwa aliyewahi kuzaa, saa 10. Kutoka hapo hadi mtoto atoke, kwa kawaida ni ndani ya saa 3 kwa uzazi wa kwanza, na 2 kwa zinazofuata.

Ni kweli kwamba hatua hii ya mwisho ikirefuka, nafasi ya kuzaa bila mtoto kuvutwa kwa vakyumu au koleo, na bila kisu, hupungua. Lakini tusiilaumu saa peke yake. Ambao mambo yao ni mepesi wameshazaa mapema. Wanaobaki ni wale ambao mtoto ni mkubwa, au amelala akitazama juu, au uchungu ni dhaifu. Urefu huo mara nyingi ni dalili ya kizuizi kilichokuwepo tangu mwanzo. Hata hivyo saa nazo zina madhara yake: mama huishiwa nguvu, maambukizi hupata mwanya, na kizazi kilichochoka hushindwa kukaza baada ya kuzaa, damu ikatoka nyingi.

Chukua akina mama wawili, kila mmoja na uzazi wa kwanza, saa 2 tangu njia ifunguke yote. Wa kwanza, kila akisukuma kichwa kinashuka kidogo, na mapigo ya moyo ya mtoto ni mazuri. Huyo namngoja. Wa pili ana uchungu mkali, lakini kichwa kimekwama palepale saa nzima na ngozi ya kichwa hicho imeanza kuvimba. Huyo namwitia daktari sasa hivi; siisubiri saa ya 3.