Umeumuka au umechacha? Mkate wa kumimina na watoto jikoni

Jumamosi asubuhi, juu ya meza ya jikoni kwangu, kuna glasi moja ya kawaida. Ndani yake mna uji mweupe wa mchele, haujafika nusu, na nje imezungushiwa mpira mwekundu wa kufungia noti. Mbele ya glasi amekaa kitinda mimba wangu wa miaka minne, kidevu mezani, macho hayabanduki. Kazi yake ni moja tu: uji ukigusa mpira, aniite.

Mimi naoka nyumbani hapa Tanga, kwa oda. Keki ninazo, skonzi ninazo, lakini jina langu mtaani limejengwa na mkate wa kumimina, ule ambao wengine mnauita mkate wa sinia. Kila Ramadhani ikikaribia nawapokea wenye malalamiko ya aina mbili. Wa kwanza mkate wake umekaa kama tofali. Wa pili umepanda vizuri, kisha ukabonyea katikati, na ukiuonja kuna uchachu kwa mbali. Wote wawili wanalaumu hamira. Mimi naiteteaga hamira, maana mara nyingi haina kosa. Kilichokosewa ni wakati.

Kiswahili chenyewe kimeshatuonyesha. Tuna kuumuka na tuna kuchacha, na hakuna mpishi wa pwani anayechanganya maneno haya mawili. Uji ulioumuka umejaa hewa, una utamu wake, ukiutikisa bakuli unatetemeka kama mtu anayezuia kicheko. Uliochacha umeshachoka: juu una mapovu makubwa yanayopasuka, kingo zimeacha alama pale uji ulipofika kabla haujashuka, na harufu inapiga puani. Hamira ni vijidudu hai, jamii ya kuvu. Vinakula sukari na kutoa gesi, na gesi ndiyo inayoinua uji. Ukiviacha muda mrefu, chakula kinapungua, na bakteria waliokuja na mchele na nazi nao wanapata nafasi ya kutengeneza asidi yao. Kati ya kituo cha kwanza na cha pili, kwenye joto letu, kuna kama nusu saa tu. Ndani ya nusu saa hiyo mama mwenye watoto wadogo anaweza kuogesha mmoja, kuamua ugomvi wa wawili na kusahau kabisa kwamba ana uji mezani.

Ndiyo maana nikaweka glasi. Bakuli kubwa linadanganya. Ni pana, uji ukipanda vidole viwili huoni. Basi nikishachanganya, nachota uji kidogo naumimina kwenye glasi iliyonyooka, kisha navuta mpira mpaka kwenye kimo mara mbili ya kile uji ulichofika. Glasi inakaa ubavuni mwa bakuli, joto moja, hewa moja. Uji wa glasi ukifika kwenye mpira, na wa bakuli umefika. Sitazami saa ya ukutani kabisa, kwa sababu saa haijui kama tupo kaskazi au kusi. Januari na Februari, kaskazi ikivuma na joto likikaba, kwangu dakika 40 zinatosha. Julai, na upepo wa kusi, nimewahi kungoja saa moja na robo kwa uji uleule.

Mtoto wa miaka minne ni mlinzi mzuri kuliko sisi, ila ana akili zake. Mwaka jana nilikuwa na oda ya mikate minne ya arusi. Nikasikia, "Mama, umefika!" Nikashangaa, mbona mapema? Nikaja, kweli uji umegusa mpira. Nikawasha moto, nikamimina. Mkate wa kwanza ukatoka mzito, chini umeganda kama halua iliyokosewa. Wa pili vilevile. Nilipokuwa natayarisha wa tatu ndipo nikamwona bwana mdogo anaushusha mpira taratibu kwa kidole, ulimi nje, kama anayepanga biashara. Nikamuuliza, mwanangu, unafanya nini? Akanijibu, "Nausaidia." Alikuwa na njaa. Mikate miwili ikaliwa nyumbani kwa siku tatu, mimi nikaanza kuloweka mchele upya. Siku hizi chini ya mpira nachora na mstari wa kalamu ya wino usiofutika, wala simwambii.

Sasa vipimo, kwa sufuria ya upana wa sentimita 22. Mchele vikombe viwili, mrefu na mkavu, usiwe wa mavuno mapya, maana mchele mpya unanata na kati ya mkate inabaki na ubichi. Tui zito kikombe kimoja na robo. Hamira kijiko kimoja cha chai. Sukari robo tatu ya kikombe. Ute wa mayai mawili, iliki punje kumi, chumvi chembe. Mchele unaoshwa na kulowekwa usiku mzima. Wakati wa joto kali naloweka kwenye friji, na kama sina nafasi nabadilisha maji kabla ya kulala. Maji ya mchele yaliyolala nje Februari yakinuka asubuhi, mwaga yote na mchele wake. Umeanza kuchacha kabla hujaanza kupika.

Hapa watoto wana kazi nyingi kuliko kwenye mkate wowote wa ngano, na hakuna kukanda, kwa hiyo hakuna unga mpaka darini. Mkubwa, ana saba, anaosha mchele mara tatu na kuniambia maji yamekuwa meupe kiasi gani. Mdogo anamenya iliki. Punje kumi zinamchukua dakika ishirini, nazo ndizo dakika ninazozihitaji kukuna nazi. Mbuzi ya nazi hawaikaribii, ule ulimi wake hauna mdogo wala mkubwa. Kukamua tui wanaruhusiwa. Nina kifumbu cha ukindu alichoniachia bibi yangu, na wanapenda kukipokezana, huyu anakamua mpaka anatetemeka mabega, kisha anampa mwenzake aseme kama kumebaki kitu. Daima kumebaki.

Saga mchele na tui mpaka usisikie chenga. Kipimo chetu ni vidole: mtoto anachovya kidole gumba na cha shahada, anasugua, anasema "kuna mchanga" au "hakuna mchanga". Akisema kuna, naongeza nusu dakika. Ila angalia, blenda ikikimbia muda mrefu inapasha uji moto, na tui nalo wengi wanalitia likiwa bado linafuka. Hamira huanza kufa joto likipita nyuzi 55 hivi. Uji ukiwa vuguvugu kama maji ya kumwogeshea mtoto mchanga, hapo tia hamira, iliki, na kijiko kimoja tu cha sukari. Sukari iliyobaki ingoje. Ukiimimina yote mwanzoni inaivuta maji hamira, inaidumaza, na uji wenyewe unakuwa mwepesi. Nayo tunaitia mwishoni, pamoja na ute wa mayai uliopigwa kidogo, uji ukishafika kwenye mpira. Kuanzia hapo kulamba vidole marufuku, mayai mabichi si ya kuchezea.

Sasa kungoja. Dakika 40 kwa mtoto ni mwaka, na mlinzi naye anahitaji zamu. Nimejaribu michezo mingi ya kujaza nafasi hii, na miwili ndiyo imebaki.

Wa kwanza ni unga wa kufinyanga: ngano vikombe viwili, chumvi kikombe kimoja, maji kikombe kimoja kinachoingia kidogo kidogo. Waambie watoto huu ni ndugu wa mkate asiyeumuka wala asiyechacha. Hauna hamira, na chumvi ile nyingi inavuta maji kiasi kwamba bakteria hawapati pa kuishi. Wanafinyanga samaki, wanagandamiza jani la mwembe mpaka mishipa yake yote inatokea, wanatoboa tundu la kupitishia uzi. Usizidi unene wa sentimita moja, utapasuka. Juani siku mbili au tatu, ukigeuza. Walio pwani mjue kabisa kwamba masika ikiingia samaki wenu watalegea, kwa kuwa chumvi inanyonya unyevu wa hewani. Wapakeni vanishi pande zote mbili. Na asiuweke mdomoni. Wengi wakionja wanatema wenyewe, lakini chumvi ya namna hiyo tumboni mwa mtoto mdogo ni hatari ya kweli, kwa hiyo mwenye umri wa kutambaa simpi.

Wa pili ndio naupenda zaidi, na hauna gharama. Koroga manjano kijiko cha chai kwenye maji kidogo ya moto, pakaza kwenye karatasi nyeupe, iache ikauke. Kisha yeyusha magadi kidogo kwenye kisosi. Mpe mtoto njiti ya kibiriti isiyo na kichwa, achovye kwenye magadi, achore juu ya karatasi ya njano. Mstari unatokea mwekundu, wekundu wa matofali, papo hapo. Mara ya kwanza wangu mkubwa aliirudisha ile njiti machoni akaikagua pande zote kutafuta wino. Halafu kamua ndimu, dondosha tone juu ya mstari: unarudi njano. Rangi ya manjano hubadilika ikikutana na kitu cha jamii ya magadi, na ndimu, kwa kuwa ni asidi, inairudisha. Vaeni nguo za shamba. Doa la manjano kwenye kanzu halitoki siku hiyo, ingawa jua la siku kadhaa hulipausha, na michoro pia, kwa hiyo msiitundike dirishani.

"Mama, umefika!" Naangalia mpira, naangalia na mstari wangu wa siri.

Kuanzia hapa watoto wanahamia kwenye mkeka wa barazani na mimi nabaki na moto, na hili halina mjadala. Mkaa natumia nje, kwenye upenu. Jiko la mkaa ndani ya chumba kilichofungwa linatoa kaboni monoksaidi, sumu isiyo na harufu, na haina haja ya moshi ili iue. Paka sufuria samli, iweke jikoni ipate moto kwanza, mpaka tone la uji likidondoka lilie. Watu wanamimina kwenye sufuria baridi, ndipo tofali linapozaliwa. Ngano ina gluteni, nyuzi zinazovutika na kushika hewa kama puto. Mchele hauna. Uji wa mchele umebeba mapovu yake kwa uzito wake tu na kwa ute wa yai, na moto usipouwahi ukagandisha wanga, mapovu yanakimbia. Sufuria ikiwa ya moto, chini panashika mara moja na matundu yanasimama wima kama vichuguu. Ukikata mkate utayaona, marefu kutoka chini kwenda juu, na huo ndio ushahidi kwamba uliuwahi.

Chini moto uwe mdogo sana. Kingo zikishika na uso ukaanza kutoboka, funika kwa mfuniko wa bati na upalie makaa juu. Makaa ya juu yawe mengi kuliko ya chini, labda mara mbili. Kwenye oveni hesabu ni ileile: anza juu ya jiko kwa moto mdogo, kisha hamishia chini ya moto wa juu wa oveni mpaka uso uwe rangi ya dhahabu. Chomeka kijiti katikati, kitoke kikavu. Usiukate wa moto, jamani. Najua harufu inavyowatesa, na mimi wangu wananizunguka kama kuku, lakini ukikatwa wa moto wanga haujatulia na kisu kinavuta kati yote. Nusu saa.

Mnaniuliza sana viini vinakwenda wapi, maana ute unatumika na viini vinabaki. Kama oda ni kubwa natengenezea kastadi. Siku ya nyumbani viwili vile navikoroga na kitunguu na chumvi, nawakaangia wanangu wakati mkate unapoa. Mlinzi wa glasi ndiye anayepakuliwa kwanza. Huwa ameshakaa tayari na sahani yake.