"Chambua zaidi" haimsaidii mwanafunzi

Mwalimu anaposoma rasimu ya kazi itakayohesabiwa kwenye alama za mwisho na kuandika pembeni "chambua zaidi", yeye anajua anachotaka. Mwanafunzi hajui. Angejua kuchambua, si angekuwa ameshachambua? Niliandika maneno hayo kwa miaka, pamoja na pacha wake "ongeza kina", mpaka siku mwanafunzi mmoja aliponifuata na karatasi zake na kuniuliza kwa adabu: "Mwalimu, kina kinaongezwaje?" Nikababaika.

Chanzo ni vigezo vyenyewe vya kusahihishia. Vimeandikwa kwa ajili ya wasahihishaji, ili wawili wakisoma kazi moja wasipishane mno kwenye alama. Ngazi moja husema mwanafunzi "anaeleza baadhi ya sababu", ya juu yake husema "anapima uzito wa sababu". Msahihishaji mzoefu anaiona tofauti hiyo mara moja. Anayeandika insha yake ya tatu haioni, na kumgawia nakala ya vigezo pekee hakumfungui macho. Anahitaji kuonyeshwa kigezo kinagusa sentensi gani katika kazi yake mwenyewe.

Tuseme rasimu ya historia ina aya hii: "Vita vya Kwanza vya Dunia vilianza kwa sababu Franz Ferdinand aliuawa Sarajevo tarehe 28 Juni 1914. Pia kulikuwa na miungano ya kijeshi. Pia mataifa yalishindana kwa silaha." Hakuna kosa la ukweli hapo. Badala ya "chambua", mwalimu aandike: "Umetaja sababu tatu na kuziunganisha kwa 'pia', kana kwamba zina uzito sawa. Kigezo cha pili kinataka uzipime. Bila ile miungano, mauaji yale yangeweza kuishia kuwa ugomvi wa Austria-Hungaria na Serbia tu? Jibu hilo ndani ya aya, kisha utazame kama mpangilio wako bado unafaa." Maoni hayo yanataja kigezo, yanaonyesha neno lililomponza, na yanampa kazi ya kufanya jioni hiyohiyo. Jibu halimo. Na lisiwemo: kazi hii inahesabiwa kwenye alama za mwisho, na bodi nyingi za mitihani zinamruhusu mwalimu kuelekeza lakini si kumtungia mwanafunzi sentensi. Ukishindwa kujizuia, uliza swali.

Alama usiiandike kwenye rasimu. Mwaka 1988 mtafiti Ruth Butler alichapisha matokeo ya kulinganisha wanafunzi waliopewa maoni peke yake, waliopewa alama peke yake, na waliopewa vyote viwili. Waliosonga mbele ni wale wa maoni peke yake. Alama ilipowekwa kando ya maoni, faida ya maoni ilipotea. Nadhani kila mwalimu ameshaona kwa macho yake: karatasi inapokelewa, macho yanakimbilia namba, karatasi inakunjwa. Miaka minane baadaye watafiti Kluger na DeNisi walikusanya tafiti nyingi kuhusu mrejesho na kukuta kwamba katika zaidi ya theluthi moja ya matokeo, mrejesho ulishusha utendaji. Ulififia zaidi pale ulipomwelekeza mtu ajifikirie yeye badala ya kazi iliyo mbele yake. "Wewe ni mwerevu" nayo imo humo.

Sifa basi ziende kwenye kazi: "Mfano wa aya ya nne unatimiza kigezo cha ushahidi, usiuguse." Usiposema hivyo, mwanafunzi mwenye wasiwasi atafuta kilicho kizuri pamoja na kibaya.

Kuna zoezi dogo ninalowapa walimu, na huwa linawachoma kidogo. Chukua rasimu tano ulizokwisha kuziandikia maoni. Kando ya kila oni andika namba ya kigezo kinachohusika, kisha uhesabu. Mara nyingi tahajia na alama za uandishi ndizo zilizokula wino wote, hata pale lugha inapobeba alama 5 tu kati ya 40. Makosa ya tahajia yanaonekana haraka, hoja dhaifu inataka usome aya mara mbili. Mimi siku hizi husoma rasimu nzima kalamu ikiwa mezani, ndipo nachagua mambo mawili au matatu yanayoweza kuivusha ngazi. Tahajia naisahihisha katika aya moja tu na kumwambia amalizie zilizobaki.

Yote haya yanataka muda wa kurekebisha. Rasimu ikirudi Alhamisi na kazi ikakusanywa Ijumaa, mwanafunzi atabadilisha maneno mawili na kuchapa upya. Mpe wiki, na umtake aandike juu ya kazi ya mwisho mistari mitatu: amebadilisha nini, kwa kigezo kipi, na ushauri gani ameukataa na kwa nini. Huo wa tatu ndio ninaoanza kuusoma.