Thamani ya soko: Land Rover ya marehemu ni ya shilingi ngapi?

Mzee akifariki na kuacha Land Rover ya zamani, aina ya Series III, nyuma ya nyumba, bei tatu hutajwa kabla hata arobaini haijasomwa. Fundi aliyekuwa akilihudumia gari anasema ni mkweche tu, yeye atatoa milioni mbili alivute leo leo. Mtoto aliyeko Uingereza anatuma picha ya gari kama hilo mnadani, bei yake pauni elfu ishirini. Mjomba naye anakataa katakata lisiuzwe, maana Mwalimu Nyerere aliwahi kulipanda. Hakuna hata mmoja kati yao aliyetaja thamani ya soko.

Thamani ya soko ni kiasi ambacho gari lingeuzwa siku ya kukadiriwa, kati ya muuzaji aliye tayari kuuza na mnunuzi aliye tayari kununua, wote wawili wakilijua gari, wasio ndugu wala wadeni, hakuna anayebanwa na shida, na gari likiwa limetangazwa muda wa kutosha. Ondoa sharti moja tu hapo na bei inakuwa ya kitu kingine. Fundi analijua gari, wafiwa hawalijui, kwa hiyo milioni mbili zake ni bei ya kukosa habari. Ada ya shule ikidaiwa wiki ijayo, mtakachopata ni bei ya kuuza kwa haraka, ambayo wakadiriaji huiandika kwenye mstari wake peke yake na daima huwa chini. Thamani ya bima ya makubaliano nayo ni hesabu nyingine kabisa: ni kiasi ambacho kampuni na mteja wamekubaliana kitalipwa gari likipotea, na hakuna mnunuzi anayefungwa nacho.

Wengi hudhani hesabu hii ni ya wanaouza tu. Kwenye mirathi inahitajika hata gari likibaki nyumbani. Tuseme familia ya Kiislamu imeachiwa gari lililokadiriwa shilingi milioni 24, na warithi ni mjane, mtoto mmoja wa kiume na mmoja wa kike. Mjane ana thumni, yaani moja ya nane, milioni 3. Zinazobaki 21 kijana anapata 14 na dada yake 7. Kijana akitaka kulichukua gari, itabidi awafidie mama na dada milioni 10. Sasa kama mnunuzi wa kweli asingetoa zaidi ya milioni 12, kijana huyo amelipa karibu gari zima na bado anaambiwa amependelewa. Ugomvi wa namna hii huanzia kwenye makadirio ya sebuleni.

Jambo linalovuruga zaidi makadirio ya magari ya kale Afrika Mashariki ni kwamba gari moja lina masoko mawili, na masoko hayo yanapenda vitu vinavyopingana. Mnunuzi wa kwanza anataka kazi: kupanda milima ya Lushoto na magunia, kuvuka mto wakati wa masika. Huyu akifungua boneti akakuta injini ya dizeli ya Isuzu au Toyota iliyopachikwa badala ya ile ya Kiingereza, anafurahi. Spea zipo kila mji, mafuta hayaliwi hovyo. Mnunuzi wa pili ni mkusanyaji. Akiiona injini ileile, anafunga boneti taratibu na kuuliza kama ile ya zamani bado ipo stoo. Kwake gari linatakiwa liwe kama lilivyotoka kiwandani.

Kwa mkusanyaji wa Uingereza sababu si mapenzi tu. Gari lenye umri wa miaka 30 au zaidi, la aina isiyotengenezwa tena, likiwa katika hali yake ya asili bila mabadiliko makubwa ya chesisi (fremu ya chini inayobeba gari), bodi au injini, linaweza kuingizwa kule bila ushuru wa forodha na kwa VAT ya asilimia 5 badala ya 20. Injini ya Isuzu inaweza kulitoa gari kwenye nafuu hiyo. Marekani wana kanuni yao: gari likifikisha miaka 25 halifungwi tena na viwango vya usalama vya magari mapya, hivyo usukani wa kulia si kikwazo. Kabla ya kutaja bei yoyote, basi, amueni mnamuuzia nani. Ningekuwa na Series III yenye injini ya Toyota na gia boksi nzima, nisingepoteza hata siku moja kumtafuta Mzungu wa mnadani. Ningeipeleka kwa mwenye shamba.

Ukaguzi wenyewe hauanzii kwenye rangi. Land Rover ilizinduliwa mwaka 1948, wakati chuma Uingereza kilikuwa cha mgao tangu vita, ndiyo maana bodi yake ikafanywa ya aloi ya alumini. Alumini haishiki kutu kama chuma. Chesisi ni ya chuma, na ukuta ulio kati ya injini na miguu ya dereva ni wa chuma pia. Matokeo yake ni gari la Tanga au Mombasa linalong'aa juu huku chini limeliwa na chumvi ya bahari, na gari la Dodoma lililofubaa na kubonyea kila mahali lakini chesisi yake inalia kama kengele ukiigonga. La pili lina thamani zaidi. Lala chini ya gari na nyundo ndogo na bisibisi. Gonga chesisi kutoka mbele hadi nyuma, hasa sehemu ya nyuma kabisa na pale springi zinaposhikia. Sauti ikiwa butu au bisibisi ikizama, mmeshapata sababu ya kushusha bei, tena kwa kiasi kikubwa, kwani kubadilisha chesisi ni kulibomoa gari lote.

Halafu namba. Kadi ya gari ina namba ya chesisi na namba ya injini. Kwenye Series III namba ya chesisi imegongwa kwenye chuma cha chesisi chenyewe, upande wa kulia mbele, karibu na springi. Futa grisi na udongo uisome. Zikilingana na kadi, hilo peke yake lina uzito kuliko rangi mpya na viti vipya. Zisipolingana, mfanye nini? Kwanza msikwangue chochote wala msigonge namba nyingine. Mara nyingi ni injini iliyobadilishwa bila kuandikishwa, na hilo hurekebishwa kwenye mamlaka ya usajili, lakini mnunuzi mwangalifu atakata bei au ataondoka.

Kuhusu hali ya gari, kampuni ya Hagerty ya Marekani inayochapisha bei za magari ya kale hutumia madaraja manne. Namba 1 ni gari la kushindanishwa, bora kuliko mengine ya aina yake. Namba 4 ni gari linalotembea, lenye kasoro zinazoonekana. Familia nyingi hujipa namba 2. Gari lililosimama miaka chini ya mwembe, tairi zimepasuka na breki zimeshika, halijafika hata namba 4. Kwa hiyo bei ya namba 2 mliyoiona mtandaoni haiwahusu.

Na hizo bei za mtandaoni ni za kuombwa, si za kulipwa. Tangazo lililokaa miezi sita linaonyesha bei ambayo watu wameikataa. Tafuteni mauzo yaliyokamilika: minada mingi ya nje huweka wazi bei iliyofikiwa, na hapa nyumbani ulizeni mafundi wawili watatu wa Land Rover, wasio yule anayetaka kununua, gari la mwisho walilojua limeuzwa liliuzwa kiasi gani na lilikuwaje. Bei ya nje ikichukuliwa, punguzeni kamisheni ya mnada, nauli ya meli, gharama za bandari na matengenezo ya kulifikisha daraja lile. Pauni elfu ishirini huyeyuka haraka sana.

Msilipake rangi kwanza. Gharama ya matengenezo hairudi yote kwenye bei, na rangi ya gereji ya mtaani humtia mkusanyaji wasiwasi kwamba inafunika kitu. Lioshwe, liwake kama linaweza kuwaka, lipigwe picha hata sehemu mbovu.

Hadithi ya Mwalimu? Ina bei ikiwa ipo picha inayosomeka namba ya gari, au barua, au kitabu cha safari. Bila hivyo ni ya familia, mnunuzi hailipii. Risiti za zamani za spea na kadi ya kwanza zina faida zaidi, kwa sababu zinaonyesha gari limetoka wapi na limetunzwaje.

Pia kuna kodi na madeni yaliyobaki kwenye gari, na mamlaka ya kuuza. Tanzania anayeuza ni msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama, hata kama kikao cha ukoo kimeshampitisha mtu. Kenya, kuuza mali ya marehemu kabla ya kupewa mamlaka na mahakama ni kosa chini ya Sheria ya Mirathi. Mnunuzi anayejua hayo hatalipa bei kamili kwa gari ambalo hawezi kulihamishia jina lake.

Mkimtumia dalali, mwandikieni kiasi ambacho familia lazima ipokee mkononi na asilimia yake, kisha mmoja wenu aongee na mnunuzi ana kwa ana kabla fedha hazijapita. Vinginevyo cha juu anachojiongezea dalali kitakuwa kikubwa kuliko fungu la mjane.